Uume hausimami kama zamani: ni punyeto ya ujanani, dawa za presha, au ni nini?

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 47, nimeoa na tuna watoto watatu. Kwa miezi minane sasa uume wangu haukazi kama zamani. Unaanza kusimama vizuri, halafu katikati ya tendo unalegea. Hamu ninayo, na mke wangu nampenda. Hata ule msimamo wa alfajiri umepungua sana. Nina presha, natumia atenololi na kidonge cha kuongeza mkojo, huu mwaka wa pili. Nilisikia kuwa dawa za presha ndizo zinazoua nguvu za kiume, kwa hiyo nimeziacha wiki tatu sasa, lakini sijaona tofauti. Nilivuta sigara miaka 20 kisha nikaacha. Ujanani nilijichua sana, na nimesoma mahali kuwa hilo huharibu mishipa. Rafiki alinipa kidonge kimoja cha bluu, nikakimeza baada ya chakula cha usiku na bia tatu. Kichwa kikaniuma, na hakuna kilichotokea. Sasa mke wangu ameanza kuhisi nina mtu nje. Je, homoni zimekwisha? Nitapona, au ndiyo basi tena?"

Ndugu yangu, nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: hizo wiki tatu bila dawa ya presha. Kesho nenda ukapimwe presha, na umwambie anayekupima kwamba uliacha dawa, lini, na kwa sababu gani. Usione haya kuitaja sababu, ameshaisikia mara nyingi. Atenololi huutuliza moyo, na mwili huizoea. Ukiikata ghafla, moyo unaweza kuanza kudunda kwa nguvu kuliko hata kabla hujaianza, presha ikapanda, na kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeanza kuziba bila yeye kujua, hilo linaweza kuleta maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Dawa ya namna hiyo huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Sababu ya kulisema hili mwanzo kabisa utaiona huko mbele, kwa kuwa nadhani moyo wako na uume wako vinazungumzia jambo moja.

Pili, jambo hili limewapata wengi kuliko unavyodhani. Katika utafiti uliofanyika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, wanaume 1,290 wa miaka 40 hadi 70 waliulizwa. Kati ya kila 100, 52 walikuwa na tatizo la kusimama kwa kiwango fulani, na takriban 10 uume ulikuwa hausimami kabisa. Hawa ni watu unaopishana nao kila siku, wala hawasemi. Ninaowaona mimi huja wakisema mgongo unauma, au mkojo unatoka taratibu. Tunamaliza, anasimama, anaaga, na mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango anageuka: "Daktari, kuna kingine kidogo." Hicho kidogo ndicho kilichomleta.

Nadhani hata jina tulilolipa tatizo linatuponza. Tukisema "nguvu za kiume zimeisha", au watu wakitania kuwa jogoo hapandi mtungi, mtu anaelewa kwamba uanaume wake wote umekwisha. Kinachosumbua kwa kweli ni damu, neva, homoni na utulivu wa akili. Vyote hivyo vinapimika, na vingi vinatibika.

Ngoja nikueleze uume unavyosimama, maana ukishaelewa hapa, nusu ya maswali yako yatajijibu. Ndani ya uume kuna mirija miwili iliyolala sambamba. Kila mmoja umejaa nyama laini yenye vijishimo vingi, mfano wa sponji, na umezungukwa na ganda gumu lisilovutika sana. Wakati uume umelala, misuli midogo iliyomo ndani ya sponji hiyo huwa imejikaza na kuzuia damu isijae. Watu hudhani kusimama ni kazi ya kukaza, kumbe kwa ndani ni kazi ya kulegeza. Ukiguswa au ukiwaza tendo, ubongo hutuma ujumbe kupitia uti wa mgongo hadi kwenye neva za nyonga. Neva hizo, pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hiyo huamsha kemikali ya kulegeza misuli. Mishipa hupanuka, damu huingia kwa wingi, sponji huvimba. Ikishavimba, huzikandamiza kwenye lile ganda veni ndogo zinazotoa damu nje. Damu imeingia, mlango wa kutokea umebanwa, na hapo ndipo uume hukaza. Tendo likiisha, kimeng'enya fulani huivunja ile kemikali, misuli hujikaza tena, damu huondoka.

Kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu iliwapatia Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Mwaka huohuo ndipo Viagra, kile kidonge cha bluu, ilipoidhinishwa Marekani. Awali watafiti nchini Uingereza walikuwa wakiijaribu kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Angalia jinsi moyo na uume vinavyorudi kukutana.

Sasa tuje kwenye sentensi ambayo mimi naiona ya thamani kuliko zote ulizoandika, ile ya alfajiri. Mwanaume mwenye afya husimama usingizini mara tatu hadi tano kwa usiku, kila mara kwa takriban nusu saa, wakati wa ule usingizi wa ndoto. Unachokiona ukiamka ni cha mwisho katika mfululizo huo, hakitokani na mkojo kujaa wala na hamu. Usingizini hakuna mke wa kumridhisha, hakuna wasiwasi, hakuna aibu. Ni mishipa, neva na homoni zikifanya kazi peke yake. Kwa hiyo mtu anayesimama kama chuma alfajiri lakini akashindwa mbele ya mwenzi wake, mara nyingi mwili wake ni mzima na shida iko kichwani au katika uhusiano. Kwako ni tofauti. Tatizo limekuja polepole, kwa miezi, na alfajiri nayo imefifia. Hiyo ni dalili ya mwili, na kwa mtu wa historia yako, mtuhumiwa wa kwanza ni mishipa ya damu. Kipimo hiki si kamili, kwani usingizi mbovu, kukoroma kwa kukatika pumzi, au sonona vinaweza kupunguza msimamo wa alfajiri hata kama mishipa ni mizima. Ila ni dalili nzuri, na haihitaji mashine yoyote.

Kwa nini mishipa ya uume ianze kuchoka kabla ya mingine? Kwa sababu ni myembamba. Ateri inayolisha uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, wakati zile zinazolisha moyo zina milimita 3 hadi 4. Uchafu uleule wa mafuta, na uharibifu uleule wa utando wa ndani, utaonekana kwanza kwenye bomba jembamba. Ndiyo maana kwa wanaume wengi uume hulegea miaka miwili hadi mitano kabla ya moyo kuanza kulalamika. Moshi wa sigara huuharibu utando huo, presha huukwangua, sukari na lehemu (kolesteroli) nyingi humalizia. Wewe umepitia mawili kati ya hayo. La tatu, sukari, hukulitaja, na nina wasiwasi hujapima. Wenye kisukari hupata tatizo hili mapema kuliko wenzao kwa miaka 10 hadi 15, na si wachache waliogundua kisukari chao baada ya kwenda kwa daktari kwa ajili ya uume.

Namkumbuka mgonjwa mmoja, mtu wa makamo, aliyekuja kuomba vidonge tu, tena kwa haraka. Nikamuuliza kama anapanda ngazi bila shida. Akasema ndiyo, ila akifika ghorofa ya pili husimama kidogo, na huku ananieleza alikuwa akijisugua katikati ya kifua kwa ngumi. "Gesi," akasema. Sikumwandikia vidonge siku ile. Nilimpeleka kwa daktari wa moyo, ikakutwa mshipa mmoja wa moyo umeziba sehemu kubwa. Alitibiwa, na vidonge alivyovitaka alivipata baadaye, vikiwa salama. Kwa hiyo nami nakuuliza: ukitembea haraka dakika 20, au ukipanda ngazi za ghorofa mbili mfululizo, kifua kinabana? Pumzi inakata kuliko ya wenzako? Kama jibu ni ndiyo, acha kwanza tendo la ndoa, na usimeze kidonge chochote cha kusimamisha mpaka moyo uchunguzwe.

Je, dawa za presha ndizo zenye kosa? Zinaweza kuchangia. Atenololi na dawa kadhaa za kuongeza mkojo ni miongoni mwa zinazotajwa zaidi. Lakini sifa yao mbaya ni kubwa kuliko madhara yao. Mwaka 2003 watafiti wa Italia waliwapa atenololi wagonjwa 96 wa moyo na presha, ambao awali hawakuwa na tatizo hili. Kundi ambalo halikujua linameza dawa gani, 3 kwa 100 walipata shida ya kusimama. Walioambiwa jina la dawa tu, karibu 16 kwa 100. Walioambiwa na jina, na kwamba dawa hiyo inaweza kupunguza nguvu, 31 kwa 100. Dawa ni ileile, dozi ileile. Kilichoongezeka ni hofu. Nawe umekaa wiki tatu bila dawa na hukuona tofauti, hiyo nayo ni habari: inaelekea dawa haikuwa sababu pekee. Presha yenyewe isipodhibitiwa itaendelea kuiharibu mishipa hiyohiyo unayotaka kuiokoa. Ukirudi kliniki, sema wazi: "Nahofia dawa hizi zinanipunguzia nguvu, je kuna mbadala?" Upo. Dawa za jamii ya losartani, kwa mfano, kwa kawaida hazina tatizo hili. Kubadilishiwa ni haki yako. Kuacha kimyakimya ndiko nisikotaka.

Kuhusu punyeto nitakujibu bila kuzunguka, maana naona limekuelemea kwa miaka. Kujichua hakuharibu mishipa ya uume, hakukaushi mbegu, hakuchomoi neva wala hakupunguzi homoni. Uume hautofautishi damu iliyoingia kwa sababu ya mkono na iliyoingia kwa sababu ya mwenzi. Kuna jambo moja la kweli linalosemwa kwa kutiwa chumvi: mtu aliyezoea kujibana kwa nguvu sana, au aliyezoea picha za ngono kila mara, anaweza kupata taabu kuchangamkia mguso wa kawaida. Hilo ni zoea, na zoea hubadilika. Tena huonekana wakati zoea lenyewe likiendelea. Wewe uliishi na mkeo miaka mingi, mkapata watoto watatu, bila shida. Miezi hii minane haina uhusiano na ulichofanya ukiwa kijana. Anayekuambia vingine, mara nyingi ana chupa ya dawa anataka kukuuzia.

Homoni sidhani kuwa zimekwisha. Testosteroni hupungua kwa wanaume wote polepole kuanzia makamo, lakini ikishuka kiasi cha kuleta ugonjwa, kinachotangulia kupotea kwa kawaida ni hamu yenyewe, na wewe hamu unayo. Hata hivyo, kwa kuwa msimamo wa alfajiri umepungua, ni vizuri ipimwe. Damu itolewe asubuhi, kabla ya saa tano, ukiwa hujala, na majibu yakiwa ya chini kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya uamuzi wowote. Usikubali kuchomwa sindano za testosteroni bila vipimo hivyo: huzima utengenezaji wa mbegu kwenye korodani, na kwa mtu ambaye kiwango chake ni cha kawaida, hazitamsaidia kusimama.

Hata hivyo, kichwa chako nacho sasa kimeshaingia. Ilianza mishipa, lakini siku uliposhindwa mara ya kwanza, mara ya pili uliingia kitandani ukijichungulia: je, leo utasimama? Mwili husikia swali hilo kama hatari, ukamwaga adrenalini, homoni ya hofu, na adrenalini huikaza ile misuli ambayo tumesema lazima ilegee. Damu inaondoka. Unathibitisha hofu yako, na siku ya tatu ni ngumu zaidi. Kwa wanaume wa umri wako ni mara chache nikute la mwili peke yake au la akili peke yake. Kwa kawaida la kwanza huzaa la pili.

Hapo ndipo mkeo anapoingia. Yeye anaona mume anayejifungia, anayekwenda kulala mapema au kuchelewa makusudi, na anajaza pengo hilo kwa maelezo anayoyaweza: kuna mwanamke mwingine, au mimi simvutii tena. Ukimya wako ndio unaomuumiza kuliko uume wako. Mwambie, mchana, mkiwa mmevaa nguo, siyo kitandani dakika moja baada ya kushindwa: "Kuna kitu mwilini mwangu hakiko sawa, nimemwandikia daktari, na naogopa. Hamu yangu kwako haijaenda popote." Halafu mkubaliane kwamba kwa wiki mbili au tatu hakutakuwa na kuingiliana kabisa, hata uume ukisimama. Mguse, akuguse, mlale pamoja, basi. Njia hii ilianzishwa na William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, na bado tunaitumia kwa sababu inaondoa mtihani. Pasipo mtihani hakuna wa kufeli, na adrenalini haina kazi.

Turudi kwenye kidonge cha bluu, maana umekihukumu kwa jaribio moja lililokosewa karibu kila kitu. Sildenafili, yaani dawa iliyomo kwenye Viagra, kama kweli ndiyo uliyopewa, haisimamishi uume yenyewe. Inakizuia kile kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kulegeza misuli. Kama hakuna mguso wala ashiki ya kuianzisha kemikali hiyo, dawa haina cha kulinda. Inatakiwa imezwe takriban saa moja kabla, tumboni kusiwe na mlo mzito wenye mafuta, kwa sababu mlo huo huichelewesha na kuipunguza. Bia tatu nazo hulegeza usichotaka kilegee. Na ulikaa ukisubiri muujiza huku roho mkononi. Sisi hatusemi dawa imeshindwa mpaka ijaribiwe angalau mara sita hivi, kwa dozi sahihi, katika mazingira sahihi. Kuna pia tadalafili, ambayo nguvu yake hukaa hadi saa 36, haisumbuliwi na chakula, na kuna dozi ndogo ya miligramu 5 ya kumeza kila siku ili mtu asiwe anahesabu saa. Kwa mtu ambaye hofu ni sehemu ya ugonjwa wake, hii ya kila siku naipenda zaidi. Dawa hizi husaidia wengi, takriban watu 6 hadi 7 kati ya 10, ingawa kwa wenye kisukari idadi hushuka. Kuumwa kichwa, uso kupata joto, pua kuziba na kiungulia ni madhara ya kawaida, na kwa wengi si makali.

Lakini kuna mchanganyiko unaoua. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, yaani nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi au isosobaidi, asiguse kabisa vidonge hivi. Vyote viwili hupanua mishipa kwa njia moja, na vikikutana presha huporomoka ghafla. Ikitokea umepata maumivu ya kifua baada ya kumeza kidonge, waambie wahudumu wa afya ulikimeza na saa ngapi, ili wasikupe naitreti. Wanaotumia dawa za tezi dume kama tamsulosini, au baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nao wanahitaji dozi ndogo na uangalizi. Ndiyo maana kidonge cha rafiki ni hatari hata kama rafiki ana nia njema: yeye si wewe.

Dawa za "asili" zinazoahidi nguvu ndani ya dakika 30 ziogope zaidi. Mara kwa mara zikipimwa maabara hukutwa zimechanganywa sildenafili kwa kiasi kisichojulikana. Nchini Singapore, miezi ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka vibaya kwa sukari. Saba walizimia wasiamke kirahisi, wanne wakafa. Uchunguzi ulikuta vidonge bandia na dawa za mitishamba za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Walinunua nguvu, wakauziwa kifo.

Yapo ya kufanya mwenyewe, na hapa sizungumzii ushauri wa juujuu wa "fanya mazoezi". Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kutembea kwa kasi, kukimbia au kuendesha baiskeli kwa dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita, huboresha kusimama kwa wanaume ambao shida yao ni mishipa, uzito au presha. Ukiwa na kitambi, kipunguze: katika utafiti wa Italia wa mwaka 2004, theluthi moja hivi ya wanaume wanene waliopunguza uzito kwa chakula na mazoezi kwa miaka miwili walirudi katika hali ya kawaida bila kidonge.

Kuna na zoezi la misuli ya sakafu ya nyonga, ambalo wanaume wengi hawajawahi kuelezwa. Lala chali, kunja magoti. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke mbele za watu, na papo hapo kana kwamba unauvuta uume ndani. Ukijitazama utaona shina la uume linarudi nyuma kidogo na korodani zinapanda. Tumbo, makalio na mapaja yabaki yamelegea, na usizuie pumzi. Shikilia sekunde 5 mpaka 10, legeza kwa muda uleule, rudia mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Misuli hiyo husaidia kubana damu isitoke, na wewe shida yako ni hiyo hasa, uume kulegea katikati. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 wa wanaume 55, baada ya miezi sita ya zoezi hili pamoja na kurekebisha mtindo wa maisha, 40 kwa 100 walirudi sawa kabisa, ingawa robo hivi hawakupata nafuu. Halifanyi kazi kwa wiki moja. Lipe miezi mitatu kabla ya kulihukumu.

Vidonge vikishindwa kabisa, bado njia zipo: pampu ya kuvuta damu kisha pete ya mpira kwenye shina, isiyozidi dakika 30, sindano ndogo ya alprostadili anayojichoma mtu mwenyewe pembeni mwa uume, isiyouma kama inavyotisha, na mwisho kabisa upasuaji wa kuweka vipandikizi, ambao waliofanyiwa wengi huridhika nao lakini ukishafanyika hakuna kurudi nyuma. Hujafika huko. Kuhusu mashine za mawimbi na sindano za chembe za damu yako mwenyewe, ushahidi bado hautoshi, na singependa utumie akiba yako huko.

Kwa hiyo nenda kwa daktari ana kwa ana, kesho kwa ajili ya presha, na hayo mengine yafuate. Omba upimwe sukari, hasa kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, lehemu, figo, testosteroni ya asubuhi, na umeme wa moyo. Akague korodani na uume, na aguse mapigo ya damu miguuni. Beba maboksi ya dawa zako zote. Usisubiri miadi, nenda hospitali mara moja, ukipata maumivu ya kifua wakati wa tendo, uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, ukipoteza kuona au kusikia ghafla baada ya kidonge, au ukifa ganzi katikati ya mapaja huku mkojo ukikataa kutoka.

Umeuliza kama utapona. Kwa mtu aliyeacha sigara, mwenye hamu, mwenye mke anayejali mpaka anaona wivu, na ambaye uume bado unaanza kusimama wenyewe, nafasi ya kurudi kwenye tendo la kuridhisha ni kubwa. Siahidi kwamba utarudi kuwa kijana wa miaka 25. Huenda utahitaji kidonge kwa muda, huenda kwa muda mrefu, kama mwingine anavyohitaji miwani. Mishipa iliyochakaa miaka 20 hairudi upya, ila inaweza kuzuiwa isichakae zaidi, na kilichobaki kikatosha.

Mkeo akikubali, nenda naye kwenye miadi. Vipimo vikitoka, niandikie tena, na uniambie presha ilisoma ngapi hiyo kesho.